Njia Moja hadi Suswa: Upepo na Jua katika Gridi ya Kenya

Gridi ya umeme ya Kenya ilikulia kwenye maji ya mito, na tabia iliyojifunza huko ndiyo iliyoamua namna ilivyoupokea upepo na jua miaka mingi baadaye. Tangu zamani imekuwa na mazoea mawili: kuegemea chanzo kimoja kikubwa kuliko vingine vyote, na kukileta chanzo hicho mjini kwa njia moja. Giza lililoikumba nchi mara kwa mara mwaka 2023 na 2024 lawama zake ziliangukia upepo wa Turkana, lakini mizizi yake iko kwenye mazoea hayo, nayo ni ya zamani kuliko mtambo wowote wa upepo.

Umeme wa kuuzwa ulianza Mombasa na Nairobi mwaka 1908. Mombasa, mfanyabiashara Harrali Esmailjee Jeevanjee alichukua jenereta iliyokuwa ya Sultani Seyyid Barghash wa Zanzibar, ikawa mali ya kampuni iliyoitwa Mombasa Electric Power and Lighting. Maelezo yanayorudiwa mara nyingi husema Barghash aliinunua mwaka 1875 kuangaza jumba lake na mitaa ya jirani. Tarehe hiyo inatia shaka, kwa kuwa kituo cha Thomas Edison cha Pearl Street huko New York, kimojawapo cha vituo vya kwanza kuuzia mtaa mzima umeme, kilifunguliwa mwaka 1882. Hata hivyo hakuna sababu ya kukataa kwamba mtambo wenyewe ulitoka Unguja. Nairobi, mhandisi Clement Hertzel alipewa kibali cha kuuza umeme mjini mwaka huo huo. Kampuni hizo mbili ziliungana mwaka 1922 zikawa East African Power and Lighting, jina lililodumu hadi mwaka 1983 lilipogeuzwa kuwa Kenya Power and Lighting.

Wahandisi hawakuchelewa kuiona mito inayoteremka kutoka Aberdare. Kituo kidogo cha Ndula kwenye mto Thika kilianza mwaka 1925. Mto Tana ukafuata. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia mahitaji ya Nairobi yakavipita vituo hivyo vidogo, na jibu likatafutwa Uganda: bwawa la Owen Falls mjini Jinja lilifunguliwa mwaka 1954, na mwaka huo huo ikaundwa Kenya Power Company ili kusafirisha umeme huo. Laini ya kilovolti 132 ilivutwa kutoka Tororo hadi Juja Road, Nairobi, na mkataba ukawekwa wa megawati 30. Kiasi hicho leo ni kidogo mno, lakini siku zile kilikuwa fungu zito la umeme wa mji. Hapo ndipo Nairobi ilipoonja kwa mara ya kwanza maisha ya kutegemea waya mmoja mrefu.

Ili kuona kwa nini waya mmoja una uzito kiasi hicho, ni lazima kwanza kueleza jinsi gridi inavyojishikilia. Umeme wa gridi hauwekwi ghalani. Taa ikiwashwa Kisumu, nguvu yake inazalishwa sekunde ile ile mahali fulani, na kipimo cha kwamba kinachozalishwa kinalingana na kinachotumiwa ni mwendo wa mkondo wenyewe. Mkondo wa Kenya hukamilisha mizunguko 50 kwa sekunde, yaani hezi 50. Matumizi yakizidi uzalishaji, jenereta zote nchini huelemewa na kupunguza mwendo kwa pamoja, na marudio ya mkondo hushuka. Matumizi yakipungua, hupanda. Mwachano wa hezi moja tu tayari ni hatari. Marudio yakishuka mno, vifaa vya kinga huanza kukata mitaa mizima ili kuokoa iliyobaki, na yasipotulia, mitambo yenyewe hujitoa kwenye gridi mmoja baada ya mwingine isije ikaharibika. Hilo likishatokea, nchi nzima huwa gizani ndani ya dakika chache.

Mabwawa yanafaa sana kwa kazi hii ya kusawazisha. Lango la maji hufunguka na kufungika kwa sekunde, na jenereta nzito inayozunguka chini yake ina uzito wa kutosha kuendelea kusukuma wakati mwenzake ameanguka. Kenya ilijenga mabwawa hayo kwa mfululizo kwenye mto Tana: Kindaruma mwaka 1968, Kamburu mwaka 1974, Gitaru mwaka 1978, Masinga mwaka 1981 na Kiambere mwaka 1988. Turkwel, huko kaskazini magharibi, iliongezwa mwaka 1991. Watu wa kituo cha udhibiti cha Juja Road walizoea kuendesha nchi kwa kupandisha na kushusha maji ya Tana. Mchana viwanda vikianza kazi, Gitaru inaongezwa. Usiku watu wakilala, inapunguzwa. Chanzo kilikuwa kinatii, na waendeshaji waliona utii huo kuwa ndiyo maumbile ya umeme.

Ukame wa mwaka 1999 na 2000 ulivunja dhana hiyo. Wakati huo zaidi ya theluthi mbili ya umeme wa nchi ulitoka kwenye maji, na mabwawa matano ya Tana yanapokezana maji yale yale, kwa hiyo Masinga ikikauka, yote yanakauka pamoja nayo. Mgao wa umeme wa mwaka 2000 ulifunga viwanda, ukazima maduka saa za biashara, na kuileta nchini mitambo ya dizeli ya kukodi kwa bei kubwa. Mafunzo mawili yalitokana na mwaka huo. Lile lililosemwa wazi ni kwamba nchi itafute vyanzo vingine: mvuke wa ardhini wa Olkaria, ambao ulikuwa umeanza kwa megawati 15 mwaka 1981 na kusimama kwenye 45 kuanzia 1985, upewe fedha, na watu binafsi wapewe nafasi zaidi ya kuzalisha na kuuza. Funzo la pili halikusemwa kwa sauti hiyo. Mvua isiponyesha inajulikana miezi kabla, na waendeshaji hupata muda wa kupanga mgao. Chanzo kinachobadilika kwa saa au kwa dakika kinadai gridi ya aina nyingine, na gridi hiyo hakuna aliyeanza kuijenga.

Upepo na jua vilikuwepo nchini kabla ya hapo, ila havikuwa na uhusiano na gridi. Karakana moja ya Thika ilikuwa ikitengeneza pampu za upepo ziitwazo Kijito, zilizovuta maji kwa ajili ya mifugo na mashamba katika maeneo makavu. Sola nayo iliingia kwa mlango wa nyuma. Katika miaka ya 1980 mhandisi Mmarekani Harold Burris, aliyewahi kuja nchini kama mtu wa kujitolea, alianza kufunga paneli kwenye shule na nyumba za mashambani karibu na mlima Kenya, akawafundisha mafundi wa huko huko. Biashara ikaenea bila mpango wa serikali. Mkulima wa kahawa au mwalimu aliyekata tamaa ya kufikiwa na nguzo za umeme alinunua paneli ya wati chache, betri ya gari na taa mbili, redio ikapata uhai, baadaye na televisheni. Kwa muda mrefu Kenya ilitajwa duniani kwa soko hilo. Kwa wahandisi wa gridi hilo halikuwa jambo lao.

Mtambo wa kwanza wa upepo kuingia kwenye waya za taifa ulisimamishwa kwenye vilima vya Ngong mwaka 1993. Ubelgiji ilitoa mashine mbili, zote pamoja zisizofikia hata nusu megawati. Kwa gridi ya mamia ya megawati, upepo ukizuka au ukitulia Ngong hakuna mtu Juja Road aliyehitaji kunyanyua macho. Mwaka 2009 KenGen, kampuni ya serikali ya uzalishaji, iliongeza mitambo sita ya Vestas yenye megawati 5.1, na katikati ya muongo uliofuata Ngong ilifika megawati 25.5. Ilikuwa hatua ya heshima, lakini haikufundisha mengi, kwani haikuwa na ukubwa wa kuitikisa gridi.

Upepo wenye ukubwa huo ulikuwa kaskazini. Kati ya nyanda za juu za Ethiopia na zile za Kenya kuna mkondo mpana wa bonde unaoelekea Ziwa Turkana, na upepo wa kutoka Bahari ya Hindi ukiingia humo hubanwa na kuongeza kasi. Wachungaji wa Turkana, Samburu na Rendille, pamoja na wavuvi wa El Molo, waliujua vizazi vingi na walijenga nyumba zao kwa kuuzingatia. Kwa sayansi uliandikwa rasmi mwaka 1982, pale mtaalamu wa hali ya hewa wa Kenya Joseph Kinuthia na mwenzake G. C. Asnani walipochapisha matokeo ya vipimo vyao wakieleza kijito cha upepo wa kasi kinachopita chini chini juu ya mkondo huo mwaka mzima. Jambo moja katika tabia yake lilikuja kuwa na umuhimu kuliko kasi yenyewe: huvuma zaidi usiku na alfajiri, kisha hulegea jua linapopanda na kuichemsha ardhi.

Wazo la kuuvuna lilianza katikati ya miaka ya 2000. Linahusishwa na Mholanzi Willem Dolleman, aliyekuwa akifika kando ya ziwa kupiga kambi. Vipimo vilivyofanywa vilionyesha wastani wa kasi wa takriban mita 11 kwa sekunde, kiwango ambacho sehemu chache za nchi kavu duniani hukipata. Kampuni iliyoundwa, Lake Turkana Wind Power, ilitia saini mkataba wa kuiuzia Kenya Power umeme kwa miaka 20, na mkataba huo ulimtaka mnunuzi achukue kila kitakachozalishwa, au akilipie. Ujenzi ulianza mwishoni mwa mwaka 2014. Mitambo 365 ilichaguliwa midogo kwa makusudi, kila mmoja wa kilowati 850, kwa sababu mapanga marefu zaidi yasingepita safari ya kilomita zipatazo 1,200 kutoka bandari ya Mombasa. Barabara ya Laisamis hadi eneo la mradi, zaidi ya kilomita 200, ilibidi itengenezwe kwanza. Machi 2017 mtambo wa mwisho ulikuwa umesimama, na jumla ikawa megawati 310. Wakati huo hakukuwa na shamba la upepo kubwa kuliko hilo barani Afrika.

Mitambo hiyo 365 haikuwa na mahali pa kupeleka umeme. Mradi ulikuwa umegawanywa: kampuni binafsi ilijenga mitambo, na serikali, kupitia KETRACO iliyoundwa mwaka 2008 kwa ajili ya laini kubwa, ilijenga njia ya kilovolti 400 kutoka eneo la mitambo, Loiyangalani, hadi kituo cha Suswa, kilomita zipatazo 430. Kazi hiyo ilipewa kampuni ya Uhispania iitwayo Isolux. Ilicheleweshwa na fidia za ardhi njiani, kisha Isolux yenyewe ikafilisika mwaka 2017 nguzo zikiwa hazijakamilika. Wakandarasi wa China waliletwa kumalizia, na umeme ukapita kwa mara ya kwanza Septemba 2018. Rais Uhuru Kenyatta aliuzindua mradi Julai 2019. Kwa zaidi ya mwaka mmoja upepo ulipita kwenye mapanga yaliyofungwa breki, na kwa sababu mkataba ulitoza malipo kwa umeme ambao ungezalishwa, mabilioni ya shilingi yalilipwa kwa kitu ambacho hakikuwasha hata balbu moja. Sehemu ya gharama hiyo iliishia kwenye bili za wananchi.

Benki ya Dunia ilikuwa imejiondoa kwenye mradi mwaka 2012, ikihofia kwamba Kenya ingelazimika kulipia umeme mwingi kuliko inavyoweza kuutumia. Wengi waliiona hofu hiyo kuwa ya kukatisha tamaa, na Benki ya Maendeleo ya Afrika ikaongoza mkopo badala yake. Kwa mtazamo wa leo, swali la benki lilikuwa la haki hata kama uamuzi wake haukuwa sahihi. Umeme ulihitajika. Ugumu ulikuwa saa ambayo ulihitajika, na kiasi cha kuubeba kwa wakati mmoja.

Ardhi nayo iliacha deni. Mradi ulikodi ekari 150,000 na mitambo yenyewe ikachukua sehemu ndogo tu ya eneo hilo. Wakazi walikwenda mahakamani wakidai kwamba ardhi ya jamii iligawiwa bila wao kushirikishwa, na mwaka 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Meru iliamua kwamba hati zilitolewa kinyume cha sheria. Kinangop, mbali kusini mwa hapo, mradi wa megawati 60 ulikuwa umeshafutwa mwaka 2016 baada ya wakulima kuukataa. Maandamano ya huko yalimwaga damu. Mara nyingi vitabu vya uhandisi huyaweka mambo haya pembeni kana kwamba si ya gridi, lakini laini isiyojengwa kwa sababu ya mgogoro wa ardhi ina matokeo yale yale kwa chumba cha udhibiti kama laini iliyoanguka. Na mji wa Marsabit, makao makuu ya kaunti yenye upepo huo, uliendelea kuwashwa kwa jenereta za dizeli miaka kadhaa baada ya umeme wa Loiyangalani kuanza kuteremka kwenda Nairobi.

Umeme huo ulipofika Suswa, waendeshaji walikutana na jambo ambalo Tana haikuwahi kuwafunza. Kilele cha matumizi nchini ni jioni, kati ya saa moja na nusu na saa tatu usiku, familia zikipika, zikitazama televisheni na kupasha maji. Kufikia saa tisa usiku mahitaji yameshuka hadi kama nusu ya kilele hicho, na saa hizo ndizo upepo wa Turkana unapokuwa na nguvu zaidi. Megawati 300 zilizo sehemu ndogo ya mzigo wa jioni huwa kama robo ya nchi nzima saa za alfajiri. Ni lazima kitu kingine kipunguzwe, lakini kipi? Mabwawa hupunguzwa kwanza, na hilo ni faida, kwa kuwa maji yanayobaki bwawani yatafanya kazi kesho jioni. Yakishafika kikomo, zamu ni ya mvuke.

Hapo ndipo gharama iliyofichika ilipojitokeza. Kuanzia mwaka 2014 Olkaria ilikuwa imepanuka kwa kasi, megawati 280 zikiongezwa karibu kwa mpigo, nayo iligeuka kuwa chanzo kikuu cha umeme wa Kenya. Visima vya mvuke havipendi kufunguliwa na kufungwa kila usiku. Vimejengwa kutoa kiasi kile kile saa zote. Upepo ukijaa usiku, mvuke uliokwisha kuchimbwa kwa gharama kubwa huachiwa hewani bila kuzungusha kitu. Kwa kuwa mkataba wa upepo unalipiwa hata usipochukuliwa, na mvuke ni wa kampuni ya serikali, uamuzi wa nani apunguzwe ulikuwa umeshafanywa na wanasheria kabla ya mhandisi wa zamu kuingia kazini.

Jua liliingia kwenye gridi likiwa na ratiba tofauti. Kituo cha Garissa, cha takriban megawati 50, kilizinduliwa mwishoni mwa mwaka 2019, na mwaka 2021 vikafuata vya Malindi na viwili vya Uasin Gishu, kila kimoja megawati 40. Mwaka huo huo Kipeto, shamba la upepo la megawati 100 huko Kajiado, lilianza kuuza umeme. Kutawanyika huku kulisaidia: wingu likifunika Garissa, Malindi inaweza kuwa na jua kali, na upepo wa Kajiado haufuati saa za ule wa Turkana. Kwa hesabu ya siku, sola huziba vizuri pengo la mchana ambapo Turkana imelegea. Haisaidii kilele, kwani saa moja jioni paneli zote za Kenya, nchi iliyo juu ya mstari wa ikweta, zimezimika kwa pamoja ndani ya nusu saa.

Sola yenye athari zaidi, hata hivyo, huenda si hiyo ya vituo. Kuanzia miaka ya 2010 wateja wakubwa walianza kufunga paneli juu ya mapaa yao: ofisi za Umoja wa Mataifa huko Gigiri mwaka 2011, mashamba ya chai na maua, vyuo, maduka makubwa ya Nairobi, kisha viwanda kwa wingi. Jumla yake imefika mamia ya megawati, na chumba cha udhibiti hakiioni. Kinachoonekana ni kwamba mahitaji ya mchana yamepungua bila maelezo, na mvua ikinyesha Thika yanarudi ghafla. Mteja huyo hununua kidogo mchana lakini jioni anahitaji laini na jenereta zile zile za zamani zikimsubiri. Sheria ya Nishati ya mwaka 2019 iliruhusu wenye paneli kurudisha umeme wa ziada kwenye gridi, na kanuni za utekelezaji zikatoka mwaka 2024, miaka mitano ikiwa imepita.

Kuna tofauti nyingine kati ya vyanzo hivi na mabwawa, na hii ni ya kifizikia. Jenereta ya Gitaru au ya Olkaria imefungamana na mkondo: inazunguka sambamba nao, na chuma chake kizito hakikubali kupunguza mwendo mara moja. Mwenzake akianguka, uzito huo unaozunguka huipa gridi sekunde chache za kupumua hadi malango ya maji yafunguke. Paneli ya sola haina kinachozunguka. Umeme wake hupitia inveta, kifaa cha kielektroniki kinachougeuza mkondo mnyofu kuwa geu kwa kufuata marudio kinayoyakuta. Mtambo wa upepo wa kisasa huzunguka, lakini nao hupitisha sehemu ya umeme wake kwenye vifaa vya aina hiyo, hivyo uzito wa mapanga yake hauisaidii gridi moja kwa moja. Saa ambayo upepo na jua vimechukua nafasi ya jenereta nzito, sekunde za kupumua hupungua, na pigo lile lile huangusha marudio kwa kasi zaidi. Kadhalika laini ndefu isiyobeba umeme mwingi hupandisha volteji yenyewe kwa yenyewe. Ile ya Loiyangalani ilihitaji vifaa maalumu vya kuishusha.

Haya yote yalikutana Ijumaa ya tarehe 25 Agosti 2023. Mnamo saa tatu na dakika 45 usiku umeme ulipotea karibu nchi nzima, ukiwemo uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, ambako jenereta moja ya akiba haikuwaka na waziri wa uchukuzi akaomba radhi hadharani. Kenya Power ilisema chanzo kilikuwa kupotea kwa megawati 270 za Turkana, pengo ambalo vituo vingine vilishindwa kuliziba vikajitoa. Kampuni ya upepo ilijibu kwamba volteji ya gridi ilipanda kupita kiasi, na mitambo yake ikajizima ili isiungue. Kelele za lawama zilizagaa wiki nzima. Kwa kweli maelezo hayo mawili hayapingani kama yalivyosikika: mmoja alieleza jinsi mtambo ulivyotoka, mwingine akaeleza jinsi nchi ilivyoshindwa kuhimili kutoka kwake. Umeme ulipotea tena nchini kote Novemba na Desemba mwaka huo.

Tukio la tarehe 6 Septemba 2024 lina takwimu zilizo wazi zaidi. Saa mbili na dakika 56 asubuhi laini ya Loiyangalani ilikatika kwenye kituo cha Suswa ikiwa imebeba megawati 288. Mara tu baada yake ikakatika laini ya Ethiopia iliyokuwa ikileta megawati 200. Kwa pamoja zilipotea megawati 488, zaidi ya robo ya matumizi ya nchi kwa wakati huo. Hakuna gridi ya ukubwa wa Kenya inayoweza kupoteza robo yake kwa mkupuo ikabaki imesimama bila akiba kubwa iliyo tayari kuingia kwa sekunde.

Ikumbukwe kwamba upepo si wa kwanza kuzima Kenya. Mnamo Juni 2016 tumbili aliangukia transfoma katika kituo cha Gitaru, megawati 180 zikapotea, na nchi nzima ikakaa gizani kwa saa kadhaa. Januari 2022 nguzo za laini ya Kiambere hadi Embakasi zilianguka na matokeo yakawa hayo hayo. Maji yana sifa ya kutegemeka, lakini yalianguka kwa sababu ile ile: fungu kubwa, njia moja. Tofauti ya Suswa ni kwamba njia tatu sasa zinakutana mahali pamoja. Umeme wa Turkana unashukia hapo, wa Ethiopia unashukia hapo, na sehemu kubwa ya mvuke wa Olkaria hupitia hapo ukielekea Nairobi.

Hatua zilizochukuliwa katika miaka ya 2020 zinagusa waya kuliko mitambo. Laini ya Ethiopia, ya mkondo mnyofu wa kilovolti 500 na urefu wa zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Wolayta Sodo, ilianza kuleta umeme wa biashara Novemba 2022. Ina uwezo wa megawati 2,000, mara kumi ya mkataba wa mwanzo, na mkondo mnyofu una sifa ya kuongezwa au kupunguzwa kwa amri ya mwendeshaji. Ikitumiwa hivyo, mabwawa ya mto Omo yangeweza kufanya kazi ya kusawazisha upepo wa Turkana ambayo Tana peke yake haiwezi. Desemba 2024 iliwashwa laini ya kilovolti 400 kutoka Isinya kuvuka Namanga hadi Arusha na Singida, na Kenya, ambayo tayari ilikuwa imeungana na Uganda, ikaanza kuzunguka kwa marudio mamoja na Tanzania. Mtambo ukianguka Naivasha sasa, jenereta za Rufiji katika bwawa la Julius Nyerere zinauhisi na kusukuma. Faida hiyo ina upande wake wa pili: hitilafu nayo huvuka mpaka, na vifaa vya kinga vya nchi tatu havina budi kupangwa kwa hesabu moja.

Upande wa mikataba, utaratibu wa bei maalumu zilizotangazwa mwaka 2008 kwa wanaozalisha kwa upepo, na baadaye kwa jua, uliachwa mwaka 2021 kwa miradi mikubwa, nafasi yake ikachukuliwa na mnada, ambamo serikali ndiyo inayosema inahitaji megawati ngapi na lini. Swali la wapi, yaani kituo kipi kina nafasi ya kupokea, nalo lilianza kuulizwa kabla ya saini. Betri kubwa za gridi zimo katika mipango ya KenGen, ikisaidiwa na fedha za Benki ya Dunia, na kazi zilizotajwa kwa ajili yake ni mbili: kuziba pengo la sekunde za kwanza mtambo unapoanguka, na kuubeba upepo wa alfajiri uliokuwa ukifukuza mvuke wa Olkaria hewani ili uuzwe jioni ya siku inayofuata. Ya kwanza inahitaji betri zenye nguvu nyingi kwa muda mfupi, ya pili inahitaji zenye ujazo wa saa kadhaa, na bei zake hazilingani. Ndiyo maana mipango huanza na ile ya kwanza.